Jina la Kuazima

Nilipokuwa mtoto niliwahi kumwazima mdogo wangu jina langu. Sikumpa, nilimwazima tu, kama mtu anavyomwazima jirani kinu au mbuzi ya kukunia nazi, na alipomaliza haja yake alinirudishia likiwa zima. Kwa muda huo wote yeye aliitwa Zeyana na mimi nikaitwa Asya. Wanangu wakinisikia nikisimulia hivi hutazamana, na mmoja wao, aliyesoma kuliko wenzake, huniambia kwamba huo ulikuwa ujinga wa zamani. Mimi humjibu kwamba ujinga wa zamani ulikuwa mwingi na haukukaa nyumba moja. Upo uliojifunga kanga, na upo uliovaa sare nyeupe na kofia.

Tulikaa Mlandege, chumba cha uani, nyuma ya duka la majora ya vitambaa ambalo Baba alikuwa na cherehani yake barazani pake. Zilikuwa zama za foleni. Mchele foleni, unga foleni, na sukari ndiyo usiseme. Mwezi wa Shaabani ulikuwa unaishia, na asubuhi moja Mama alirudi kutoka foleni na sukari yake ndani ya mfuko wa karatasi, ameikumbatia kama mtu aliyebeba mayai. Alikuwa na nia ya kutupikia kaimati za kuvunjia jungu kabla ya kuingia mfungo. Asya, mdogo wangu, alikuwa hajatimiza miaka minne, na kwa vitu vitamu alikuwa hana simile.

Mama aliiepua shira, ile sukari iliyochemshwa ya kuchovyea kaimati, akaitua chini pembeni ya mbuzi ya nazi, akageukia karai la mafuta. Asya alichuchumaa mbele ya sufuria na kijiko mkononi. Sikuona alivyoivuta. Nilisikia ukelele, na nilipogeuka shira yote ilikuwa imemmwagikia pajani, na kwa vile alikuwa amechuchumaa ilimkusanyikia nyuma ya goti. Maji ya moto humwagika yakapita. Shira haipiti, hunata pale pale ikaendelea kuunguza.

Majirani walikuja mbio, kila mmoja na dawa yake. Mmoja alileta unga wa ngano, mwingine chumvi, mwingine dawa ya meno, na Mama kwa kuchanganyikiwa aliwakubalia wote. Baba alipompakia Asya kwenye baiskeli kumpeleka hospitali, mguu ulikuwa kama andazi lililosubiri kuchomwa. Ninacheka sasa ninapoandika, lakini siku ile hakuna aliyecheka.

Hospitali ilikuwa bure tangu Mapinduzi, na daktari wa kidonda alikuwa Mchina aliyesema kupitia mkalimani. Alimtazama Asya kwa muda mrefu, kisha akamwambia Mama jambo ambalo hakulisahau mpaka anakufa. Ngozi ya nyuma ya goti ikipona huku mguu umekunjwa, alisema, itakaza, na mguu hautakunjuka tena. Kwa hiyo kila mara kidonda kinapofunguliwa na kufungwa upya, mguu lazima unyooshwe, hata mtoto alie vipi. Mama alirudi nyumbani akijua kwamba mwanawe atatembea, au atakuwa kiwete, kwa kadiri ya mguu utakavyonyooshwa.

Kwa hiyo wakaanza kwenda kila baada ya siku moja, kwenye chumba cha kufungia vidonda.

Nataka nieleze chumba kile bila ya kumuonea mtu. Kilikuwa na mlango wa kijani na benchi refu nje. Kina mama walikaa kwenye benchi, hawakuruhusiwa kuingia. Mtoto alichukuliwa mlangoni, akalazwa, wawili wakamshika mikono na mabega, na wa tatu akaivuta bendeji. Bendeji ilikuwa kavu, imegandana na kidonda, na ilivutwa kwa mkupuo mmoja kwa sababu waliamini kwamba haraka ndiyo huruma. Mkuu wa chumba alikuwa Bi Tekla, muuguzi wa asili ya bara, mwanamke mnene mwenye sauti laini, aliyeanza kazi hiyo kabla mimi sijazaliwa. Mama alipomlilia mara ya kwanza, Bi Tekla alimkalisha na kumfariji. Alimwambia mtoto mdogo hana kumbukumbu, leo analia na kesho kasahau, na tena kulia kunampanua mapafu. Aliyasema hayo kwa huruma kabisa. Ndivyo alivyofundishwa, na waliomfundisha waliamini hivyo hivyo.

Mama hakuwa na la kufanya ila kubaki nje ya mlango wa kijani na kuita. "Asya! Asya mwanangu! Pole, Asya!" Jina lile lilisikika mpaka getini.

Haikuchukua muda Asya akaacha kusema. Si kwamba alikuwa na huzuni au amenuna. Maneno yalimkauka kabisa. Akaacha na kula, ila maziwa kidogo akinyweshwa na Mama. Mguu aliuvuta mpaka tumboni na kuukumbatia kwa mikono miwili, na akiona kitambaa cheupe hutetemeka. Ijumaa Baba alivaa kanzu yake kwenda msikitini, na Asya alimtazama, akajikojolea. Baba aliivua kanzu uani na kwenda kusali na shati. Huko nyuma ya goti, daktari aliposhika, alitikisa kichwa na kusema kwamba pameanza kukaza.

Hapo ndipo Baba alipompelekea habari Bibi.

Bibi alikuwa mama mzaa Mama. Watu wakimwita Bi Kheri, akikaa Chukwani peke yake na kuku wake, na hakuwa mtu wa kuja mjini kwa jambo dogo. Alifika asubuhi na kikapu chake kichwani. Mama alimsimulia yote, toka sukari mpaka mlango wa kijani, na Bibi alisikiliza bila ya kukitua kikapu. Kisha akauliza swali moja tu.

"Mkimfungua kidonda, mnamwita nani?"

Mama alishangaa. "Namwita Asya. Nimwite nani tena?"

Bibi ndipo akakitua kikapu na kukaa chini. Uso wake ulikuwa umebadilika.

Watu wa kwetu wanajua dege ni nini. Ni homa ile inayomkamata mtoto mdogo akakakamaa, macho yakageuka juu, mikono ikakunjamana. Wazee wakisema ni ndege mkubwa asiyeonekana, apitaye juu ya mapaa. Lakini Bibi alikuwa na elimu ya ziada juu ya ndege huyo. Alisema dege haoni, husikia tu. Hupita akisikiliza mtoto anayelia kwa maumivu, na kulia peke yake hakumfai kitu, kwa sababu watoto wote hulia. Anachokitaka ni jina. Mtoto anapolia kwa maumivu na mama yake akamwita jina lake palepale, dege hulishika jina, na siku yoyote baadaye hurudi kumwita mwenyewe.

Mama akajaribu kusema kwamba hayo yalikuwa ya shamba. Bibi hakumkemea. Alizungumza kwa upole, huku akinyoosha upindo wa kanga yake.

"Kaka yako wa kwanza, Haji, hukumuona weye. Aliumwa jipu la sikio, akilia usiku na mchana, na mie mbumbumbu nimempakata namwita Haji, Haji. Siku ya tatu dege likamshika. Nikamwita tena, nikamwita. Akaitika kwengine."

Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini na niliyasikia yote. Nilikuwa na miaka minane, na sikuwahi kujua kwamba Mama alikuwa na kaka. Mama mwenyewe alijua, lakini nadhani hakuwahi kusikia sehemu ile ya kuita. Hakusema tena kwamba ni mambo ya shamba.

Dawa ya Bibi ilikuwa kuazima jina. Mtoto mwenye maumivu huazimwa jina la ndugu yake wa tumbo moja aliye mzima. Mgonjwa huitwa kwa jina la mzima, na mzima huitwa kwa jina la mgonjwa. Maumivu yakija kumtafuta Asya, humkuta Asya mwenye afya, amesimama kwa miguu yake miwili, yakatahayari. Lakini kulikuwa na masharti. Aliyeazima jina lake hakai mbali na mgonjwa. Halii mbele yake. Na jina la mgonjwa likiitwa, popote pale, na mtu yeyote, yeye mzima ndiye aitike, asimwachie mgonjwa aitike mwenyewe.

Bibi aliniita mbele yake, akanishika kidevu. "Tokea leo weye Asya, na huyu mdogo wako ndiye Zeyana, mpaka mguu utakapokunjuka. Umesikia, Asya?"

"Naam," nikaitika.

Nilijiona mkubwa. Nilikuwa mtoto wa kutumwa chumvi na kuambiwa nipishe, na ghafla nyumba nzima ilikuwa inanihitaji. Baba alicheka aliporudi na kusema dege ni homa tu, lakini alipotaka maji ya kunawa aliita, "Asya, lete birika," na alinitazama mimi.

Huo ukawa mwanzo wa nafuu, na sasa nikiwa mtu mzima naweza kuona kwa nini. Mama hakuweza tena kulia na kuita ovyo, maana kabla ya kuita alilazimika kufikiri amwite nani, na mtu anayefikiri hupungua kiwewe. Mimi nami sikuondoka ubavuni pa Asya. Nilikula naye, nililala naye, nilimkokota kwenye mkeka. Na yeye mwenyewe alianza kuuona mchezo. Mama akimwita "Zeyana" alinigeukia kunitazama kama nitakasirika. Nami nilimkunjia uso, naye akatabasamu kidogo. Lakini kusema, hasemi. Na mguu ulikuwa pale pale tumboni.

Ramadhani ilikuwa imeingia tulipokwenda hospitali na Bibi mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimefunga ile funga ya watoto, ya mpaka adhuhuri. Bibi alitukalisha kwenye benchi, Asya mapajani pa Mama amefunikwa kanga, kisha akaenda zake kumtafuta Bi Tekla. Alikuwa na lake la kumwambia. Alitaka mwenye jina, yaani mimi, aingie ndani na mgonjwa. Mama naye aliitwa dirishani kwa ajili ya kadi, akanipakatisha Asya.

Sasa sikiliza jambo lililotokea. Siku ile hospitali ilikuwa imepata dawa ya maji ya kutuliza maumivu, tamu, yenye usingizi ndani yake. Ilikuwa haipatikani kwa muda, na Bi Tekla, ambaye kumbe ile hali ya Asya ilikuwa ikimnyima raha, alikuwa ameomba kipimo kwa ajili yake. Aliwakabidhi wanafunzi wauguzi wakagawe kwa watoto watakaofunguliwa vidonda. Akaja msichana mmoja mgeni, hajawahi kutuona, ana kikombe kidogo mkononi.

"Asya ni nani hapa?" akauliza.

"Naam," nikasema. "Mie."

Alinitazama. Akaona nguo yangu ndefu, na mtoto mdogo mapajani pangu kajificha ndani ya kanga. Akaniambia nifungue mdomo.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikusema kitu. Sharti lilikuwa wazi, jina la mgonjwa likiitwa niitike mimi, na nililitekeleza kama nilivyofunzwa. Hata swaumu yangu niliitafakari pale pale na nikaipatia jawabu. Aliyefunga ni Zeyana, na anayekunywa dawa ni Asya, tena Asya ni mgonjwa na mgonjwa hana funga. Mashekhe wanisamehe, lakini kwa umri wangu ule niliona nimekata mas-ala vizuri sana. Nikanywa. Ilikuwa tamu kuliko shira.

Mama aliporudi, mlango ulikuwa umefunguliwa. Bi Tekla alimchukua Asya akiamini kwamba dawa imeshamwingia. Mimi nilitaka kusimama nimfuate, miguu ikakataa. Nikasikia ukelele wa kwanza kutoka ndani, na nikajiegemeza ukutani, na benchi likawa laini kama godoro la pamba.

Yaliyofuata, mpaka nilipoamshwa, nilisimuliwa. Bi Tekla alianza kuivuta bendeji, na akaona mtoto yu macho kabisa, anapiga mateke. Alisimamisha kazi. Akatoka nje kuuliza, dawa nimetuma, kanywa nani? Mwanafunzi akasema kanywa Asya. Mama akasema Asya hakunywa kitu. Na Bibi, aliyekuwa amesimama kando bado anasubiri kujibiwa ombi lake, akanitazama pale nilipokuwa nakoroma na kufahamu yote kwa mara moja.

Bi Tekla alipoelezwa habari ya majina alikasirika, na alikuwa na haki. Alimwambia Bibi kwamba kwa mambo yake ya dege mtoto aliyeungua yumo ndani na maumivu yake yote, na mtoto mzima yupo nje analala. Dawa ya leo ni ile tu, hakuna nyingine. Bendeji ishatoka nusu, haiwezi kurudi, na mguu lazima unyooshwe leo, kwa sababu daktari kasema wakichelewa tena basi.

Bibi hakujitetea. Kwa mara ya kwanza, Mama aliniambia baadaye, alimuona mama yake ameinamisha kichwa mbele ya mtu. Jambo alilolifanya kumkinga mjukuu ndilo lililomnyima dawa, na alilijua. Alisema kwa sauti ndogo:

"Nimekosa mie. Basi nakuomba moja, mwanangu. Usimtie mkono akiwa peke yake. Mie mmoja wangu alikwenda peke yake."

Sijui Bi Tekla alifikiri nini. Labda alichoka, kwa sababu asubuhi nzima alikuwa akisikia watoto wakilia, na mtu hata awe na mapafu mapana vipi huchoka kusikia. Akasema, mwamsheni.

Niliamshwa kwa maji ya bomba usoni. Nikaingizwa kwenye chumba cha mlango wa kijani nikipepesuka, Bibi kanishika bega. Asya alikuwa pembeni ya kitanda, kajikunja kama jongoo, hakuna aliyemshika. Bibi alinipandisha kitandani nikalala chali, kisha akamlaza Asya juu yangu, tumbo kwa tumbo, uso wake shingoni mwangu. Bi Tekla alitazama tu. Nadhani alikuwa hajawahi kumuona mgonjwa mwenye godoro la mtu.

Ulimi wangu ulikuwa mzito, lakini kichwani mambo yalikuwa yameninyookea. Nilimwambia Asya sikioni kwamba dawa nimemnywea mimi. Mimi ndiye Asya, nimekunywa dawa ya Asya, na sasa imo tumboni mwangu na inahamia kwake, maana yeye ndiye Zeyana na tumbo la Zeyana ni langu. Atulie tu aisikilize inavyopita. Nilikuwa nikiamini kila neno. Nilihisi kabisa ikinitoka kitovuni, ya uvuguvugu, ikimwingia yeye.

Alitulia. Aliweka sikio, akasikiliza.

Bi Tekla akashika ncha ya bendeji na kuivuta. Na hapo Asya, ambaye alikuwa hajatoa neno tangu mwezi wa Shaabani, akasema wazi kabisa:

"Basi."

Mkono wa Bi Tekla ukasimama. Hakuna aliyemwamuru. Ulisimama wenyewe, kwa mshituko wa kusikia neno kutoka kwa mtoto ambaye kila siku alitoa ukelele tu. Mama alikuwa mlangoni na mkono kinywani. Asya aliinua kichwa akautazama ule mkono uliosimama, na mimi niliyekuwa chini yake nilihisi moyo wake. Ulikuwa ukienda mbio, halafu ukapungua.

"Maji," akasema Bibi. "Ilowesheni kwanza, kitambaa kikavu kinang'oa nyama."

Bi Tekla alikwenda mwenyewe kuchukua maji yaliyochemshwa na kupoa, akayamimina taratibu juu ya bendeji, akasubiri. Asubuhi ile alisubiri kuliko alivyozoea. Akavuta kidogo. Asya akasema basi, mkono ukasimama. Akavuta tena. Basi, ukasimama. Mwisho Bi Tekla alimuuliza kama anataka kuivuta yeye mwenyewe, na Asya alinyoosha mkono wake nyuma, akaushika ule upande uliolowana, akaubandua kidogo kidogo huku akinong'ona mwenyewe, basi, basi.

Sisemi kwamba hakuumia. Aliumia, na aliponyooshwa mguu aliniuma bega mpaka kovu likabaki. Mimi sikulia, kwa sababu sharti lilikuwa nisilie na kwa sababu, kusema kweli, nusu yangu ilikuwa imelala. Lakini mguu ulinyooka. Nilizihisi nyayo zake zikifika mpaka kwenye magoti yangu, ambapo hazijafika tangu siku ya shira.

Tulipotoka, Bibi na Bi Tekla kila mmoja alikuwa na hakika kwamba ni yeye aliyeshinda. Bibi alisema jina limefanya kazi yake. Bi Tekla alisema ni maji. Walibishana mpaka getini, na pale getini wakapatana kama wafanyabiashara. Bi Tekla alisema, "Dawa ifuate jina la kadi. Maumivu nayo yafuate jina mnalolitaka, mie simo." Bibi akaona ni haki. Na kuanzia hapo, siku dawa ilipopatikana, Asya aliinywa mwenyewe, na siku isipopatikana alikuwa nami tumbo kwa tumbo na maji ya Bi Tekla. Neno lake la "basi" liliheshimiwa siku zote. Nasikia kwamba baada ya sisi, benchi lile lilianza kupungua kina mama, kwa sababu walikuwa wakiitwa ndani.

Idd tulikwenda viwanja vya sikukuu vya Mnazi Mmoja. Asya alivaa gauni alilolishona Baba, refu kidogo kufunika kovu, naye alilipandisha makusudi ili watu walione. Alipanda pembea. Alichechemea wiki mbili tatu, kisha akatupita wote kwa mbio. Bibi alinirudishia jina langu siku ile ile, barazani, sarafu mkononi, kwa kuniita tu, "Zeyana, njoo uchukue sikukuu yako," na mimi nikaitika, na kwa muda niliona geni, kama nguo iliyokaa kabatini.

Siamini habari ya dege. Najua ni homa ya malaria, na namshukuru Mungu kwamba wajukuu zangu hupelekwa hospitali badala ya kufichwa majina. Siku hizi nikienda kliniki na mjukuu, muuguzi kijana humwambia mama amnyonyeshe mtoto wakati wa sindano, amkumbatie, amsemeze. Mwanangu aliyesoma ameniambia kuna mahali mtoto mchanga hutiwa tone la maji ya sukari ulimini kabla ya kuchomwa. Nilicheka mpaka akaniuliza kuna nini. Nilikuwa nikimfikiria Bibi, ambaye alimkimbia ndege asiyekuwepo na njiani akaokota jambo la kweli: kwamba mtoto haachwi peke yake na maumivu yake. Bi Tekla naye alilijua, nadhani, kabla ya kufundishwa vingine. Nawapenda wote wawili.

Lililobaki kunisumbua lilikuwa moja. Asya hakuwahi kulizungumza jambo hili. Tumezeeka pamoja, ana kovu lake na mimi nina alama ya meno yake, na kila nilipotaka kumkumbusha yeye aligeuza mazungumzo. Nikaamini kwamba, kwa hilo angalau, Bi Tekla alisema kweli, mtoto mdogo husahau.

Masika iliyopita niliteleza kwenye ngazi nikavunjika mkono. Asya alikuja hospitali kabla ya wanangu. Daktari, kijana mpole, alinichoma sindano ya ganzi, akanieleza kwamba mfupa umepinda na ataurudisha kwa kuuvuta, na kwamba ganzi itasaidia lakini kidogo nitauhisi. Nilisema sawa. Nina miaka yangu, sikuona haja ya kuogopa, lakini nikaogopa. Asya alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinisogelea mpaka tumbo lake likagusa mgongo wangu, akaniegemeza kichwa kifuani pake kama mtoto.

Daktari aliushika mkono wangu, akatazama kadi.

"Bi Zeyana," akaita, "uko tayari?"

Kabla sijafungua mdomo, juu ya kichwa changu Asya akaitika:

"Naam."